Mkutano Mkuu wa Mwanahisa Mmoja

Marehemu Moriyama alimwachia mkewe Mwanamwema nyumba iliyoko Magamba, Lushoto, mashine ya kukaushia peasi, na kampuni ya kuuza peasi hizo, iliyosajiliwa Japani. Nyumba haikumsumbua. Mashine iliharibika ikatengenezwa. Kampuni ndiyo iliyomkosesha usingizi, maana sheria ya huko ilidai mkutano mkuu wa wanahisa kila mwaka, na mwanahisa alikuwa yeye peke yake. Mkurugenzi naye alikuwa yeye.

Mwaka huu muda wa mkurugenzi ulikuwa unakwisha. Hoshino, mhasibu wa kampuni, aliyewahi kufundisha Tanga na Kiswahili chake bado kipo, akapiga simu kutoka Japani.

"Mama, lazima mkutano uchague mkurugenzi, kisha tumwandikishe. Tukichelewa tunapigwa faini."

"Na nikiwa nimechoka?"

"Basi mkutano uamue kuifunga kampuni. Lakini mkutano lazima uwepo."

Mwanamwema alikuwa amechoka kweli. Akaamua kuifunga. Akamwita mdogo wake Zuberi, fundi cherehani wa Lushoto mjini, aje awe katibu.

"Shikamoo dada," Zuberi alisema akivua viatu mlangoni.

"Marahaba. Karibu, tunakusubiri wewe tu."

Zuberi akaangaza sebuleni. Hapakuwa na mtu. "Dada, si uandike tu kwamba mmekutana, utie sahihi?"

"Niandike tumekutana, na hatujakutana?"

"Ukutane na nani?"

"Kaa, Zuberi. Mkutano unaanza."

Akaufungua kwa Bismillahi, akatangaza kwamba akidi imetimia. Kisha akasoma taarifa ya mkurugenzi: mvua iliharibu peasi za Mtae, na duka lililokuwa likinunua mzigo mkubwa limefungwa. "Kwa hiyo mkurugenzi anapendekeza kampuni ifungwe. Mwanahisa ana swali?"

Moriyama alikuwa na desturi ya kuhamia kiti cha pili ilipofika zamu ya mwanahisa, naye Mwanamwema alikuwa akimcheka kutoka jikoni. Leo alinyanyuka, akahamia kiti hicho bila kucheka. Kutoka pale dirisha lilionyesha banda la mashine, na wanawake wa kazi wakimenya peasi huku wakipiga soga kwa Kishambaa.

"Mkurugenzi alishatafuta wanunuzi wengine?" akauliza.

Akarudi kiti cha kwanza. "Bado."

Akahama tena. "Kwa nini?"

Akarudi, akakaa, akapanga upya karatasi za taarifa. Zuberi akasubiri na kalamu yake.

"Jibu basi, dada."

"Katibu haulizi maswali." Akaunyoosha mtandio wake. "Wanunuzi waliobaki wote ni rafiki za marehemu. Nikiwapigia wataniuliza habari zake."

Zuberi akaweka kalamu chini. Baadaye akaiokota, maana mkutano ulikuwa haujafungwa.

Mwanamwema akahamia tena kiti cha mwanahisa, akakaa muda mrefu akitazama banda. Hatimaye kura ikapigwa. Wanaokubali kampuni ifungwe? Hakuna. Wanaokataa? Mwanamwema akanyoosha mkono juu kabisa, kama mtoto wa shule anayejua jibu.

"Pendekezo limeanguka," akasema. "Sasa tumchague mkurugenzi."

"Amekataliwa hivi punde, halafu mnamchagua tena?"

"Hakuna mgombea mwingine. Andika."

Akachaguliwa. Kesho yake alikwenda kwa wakili kuthibitisha sahihi yake, akatuma nyaraka Japani, na Hoshino akakamilisha uandikishaji bila faini.

Juma lililofuata Mwanamwema alimpigia mzee mmoja mwenye duka la chai huko Japani, akazungumza naye kwa Kijapani chake cha jikoni. Mzee akauliza habari za Moriyama. Mwanamwema akamsimulia yote, ugonjwa mpaka maziko, na wote wawili wakalia, kila mmoja kwake. Walipotulia mzee akaagiza katoni mbili, akauliza kama peasi za mwaka huu ni tamu.

"Za kawaida," Mwanamwema akasema.

Mzee akacheka kwa ukweli huo, akaongeza katoni ya tatu.