Shukrani ya Shemeji Eliufoo

Jumapili ile Eliufoo alitoa shukrani kanisani, nami nikajiuliza: ya nini?

Kwake hakuna mtoto aliyezaliwa wala mgonjwa aliyepona. Mahindi yalikuwa yamekauka mlima mzima. Lakini shemeji yangu alisimama mbele ya washarika wa Vudee, kavaa shati jipya, akasema Mungu amemvusha kwenye jambo zito na wiki hii anapumua. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilikaa na gongo langu la kutembelea mapajani nikimtazama.

Niseme mapema: mimi si mtu wa kuamini ovyo. Muuza dagaa akinipimia vizuri, ndiyo kwanza namwambia apime tena. Lakini Eliufoo nilimwamini, na ndiye aliyenivunja mguu.

Tulikuwa tunarudi kutoka gulioni Same na pikapu yake, yeye akiendesha, mimi nimekaa mbele. Kwenye kona kali breki zikakataa, gari likalalia ubavu kwenye korongo. Abiria wenzangu wa nyuma walichubuka tu. Mimi nililazwa Moshi miezi kadhaa, nikatiwa vyuma, na daktari akasema bila upasuaji wa pili mguu utakauka hivyo hivyo. Mlima huu na mguu mkavu! Shamba langu liko chini ya nyumba, na sasa nalitazama kama picha ukutani.

Niliporudi, ukoo ulikaa kikao. Eliufoo ni mtoto wa baba mdogo wa marehemu mume wangu, na ndugu hapelekwi mahakamani mbio mbio. Akakiri kosa. Akasema bima wanashughulikia, watalipa mpaka upasuaji. Tukala makande sufuria moja, na kwetu mkishakula hivyo shauri liko mikononi mwa ukoo. Mwalimu mmoja mstaafu pale alisema sheria inatoa miaka mitatu ya kudai, basi tukaihesabu tangu siku ile ya kikao, maana ndiyo siku shauri lilipofunguliwa. Tulihesabu kwa sauti, Eliufoo amekaa palepale, anatafuna.

Na alinilea, siwezi kumnyima haki yake. Alinitekea maji, alinipasulia kuni, alinilimia. Nikimuuliza habari za bima, ananiambia, "Subira, shemeji Dorkas. Wale watu ni wazito."

Sasa kulikuwa na binti wa mjini Same, Nasrin, msaidizi wa sheria. Mwaka jana alipanda mlima mpaka kwangu. "Shikamoo, mama," akasema, akaeleza kwamba ofisi yao ilipata habari za ajali yangu polisi, na wakili wao ameshaandaa hati ya madai yangu, inasubiri sahihi tu, na ni bure. Bure! Mtu atoke kwenye joto la Same apande huku kwa ajili ya mguu wa mama asiyemjua, bure? Eliufoo alikuwa ameshanionya kwamba watu wa kesi wanakula nusu nzima ya malipo. Nikamfukuza hata chai hajamaliza. Aliacha namba yake chini ya kikombe.

Basi turudi Jumapili ile. Ibada ilipoisha ukaanza mnada wa sadaka nje ya kanisa, kama kawaida: ndizi, mayai, na jogoo mmoja mwekundu. Eliufoo akampandia bei yule jogoo mpaka wengine wote wakanyamaza. Akampata, akaja kunipakatisha mbele ya watu.

"Wako huyu, shemeji. Yameisha."

"Yapi yameisha?"

Akacheka. "Si shida zote tu!" Kisha akaondoka haraka, na Eliufoo hajawahi kuondoka mnadani haraka.

Nilifika nyumbani na jogoo kwapani. Yameisha yapi, na mguu wangu ni huu? Nikaitafuta ile namba, nikampigia Nasrin, nikamweleza tulivyohesabu.

"Mama," akasema, "sheria haijui kikao. Inahesabu tangu siku ya ajali. Miaka yako mitatu inaisha keshokutwa."

"Na bima?"

"Ndilo nililokuja kukuambia mwaka jana ukanifukuza. Siku ile gari halikuwa na bima. Hakuna anayeshughulikia chochote. Kudai ni kumdai yeye mwenyewe."

"Na wewe hapo unapata nini?"

"Kufukuzwa na wamama," akajibu. "Njoo kesho asubuhi, nakuomba."

Hata hapo sikumwamini sawasawa. Nililoliamini ni lile neno la Eliufoo, yameisha. Loo, nililia kwa hasira mpaka jogoo akajificha chini ya kitanda.

Asubuhi gari la kushuka mjini lilikuwa moja tu, la Eliufoo. Bodaboda mguu wangu haupandi. Nikasimama barabarani.

"Wapi leo, shemeji?"

"Kliniki. Mguu haukunilaza."

Akanipandisha mbele kwa upole, kama siku zote. Tulipofika ile kona akapunguza mwendo, akanyoosha mkono wake mbele ya kifua changu kunikinga. Tangu ajali hajawahi kupita pale bila kufanya hivyo. Nikang'ata midomo. Uchungu ule sitaki umpate hata adui yangu.

Mjini, Nasrin alikuwa amesimama getini pa mahakama, bahasha mkononi.

"Simama hapa," nikasema.

"Shemeji, hospitali ni kule mbele."

"Najua iliko."

Akamwona Nasrin. Akaona kibao cha mahakama. Gari likazima lenyewe.

"Tulipokuwa tunahesabu tangu kikao," nikamwambia, "wewe ulijua tunakosea?"

"Nilijua. Nilikwenda kuuliza kwa wakili wiki ileile ya ajali. Shemeji, gari hili ndilo linalowasomesha watoto. Mahakama italiuza."

"Na mimi mguu huu nimuuzie nani?"

Akainamia usukani. Alianza kulia, mtu mzima yule. "Si kila kitu nilikifanya kwa sababu ya tarehe. Mengine nilifanya kwa ajili yako tu. Mungu ni shahidi."

"Yapi?" nikamuuliza. Sikuwa namkejeli. Nilitaka anitajie hata moja: ndoo moja ya maji, mzigo mmoja wa kuni, nikae nao moyoni niseme huu ulikuwa wangu. "Niambie yapi, Eliufoo."

Nilimsubiri. Nasrin alinipungia mkono niharakishe, na bado nilimsubiri.

Kisha nikafungua mlango nikashuka mwenyewe, gongo kwanza, mguu baadaye. Kwa mara ya kwanza tangu ajali, hakuteremka kunishika mkono.