Mfagizi wa Kituo cha Kura

"Hamsini na saba," alisema Bi Corrine Yates, akiligonga gazeti kwa kijiko cha mbao. "Kati ya kila watu mia waliohojiwa, hamsini na saba wanasema ndiyo. Na sheria ya Florida inataka sitini. Hao watatu waliobaki hawatatoka kwenye kanisa hili, nakuambia."

Wendell Purvis alikuwa amepiga magoti, akikwangua chingamu iliyogandia chini ya meza. Ilikuwa Jumatano, siku sita kabla ya uchaguzi. Chakula cha jioni cha kanisa kilikuwa kimekwisha, na ukumbi mzima ulinuka samaki wa kukaanga. Jumanne ukumbi huohuo ungegeuka kituo cha kupigia kura. Kwa miaka kumi na moja Wendell ndiye aliyepanga meza na kusimamisha vibanda vya kura. Wapiga kura wakianza kuingia, yeye alitoka nje kukusanya majani kwa reki. Hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini.

Swali la mwaka huo lilikuwa moja tu midomoni mwa watu: je, waliomaliza vifungo vyao warudishiwe haki ya kupiga kura, ambayo jimbo liliwanyang'anya kwa maisha yao yote? Bi Corrine, mwenye miaka sabini na minane, alikuwa mkuu wa jiko na mwalimu wa darasa la Biblia la wanawake. Akisema hapana, wanawake arobaini walisema hapana, na waume zao waliambiwa wakiwa garini, njiani kurudi nyumbani.

"Mtu ameiba, ameumiza watu, halafu aje apange foleni na mimi kuchagua gavana? Akae nje. Mungu ana msamaha mwingi. Mimi nina kura moja."

Wendell alinyanyuka taratibu. Funguo za kanisa, nane kwa jumla, zilimning'inia kiunoni. Mchungaji aliyempa kazi ndiye peke yake aliyeijua habari yake, naye alikwenda nayo kaburini.

"Basi na mimi nikae nje, Bi Corrine."

"Wewe umefanya nini?"

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Niliingia kituo cha mafuta kuiba. Nikamsukuma mzee wa kaunta, akaanguka, akavunjika mkono. Nikafungwa miaka sita. Mwezi ujao natimiza hamsini na minne, na sijawahi kupiga kura hata ya diwani."

Bi Corrine aliweka kijiko chini. "Huyo mzee alipona?"

"Mkono haukunyooka tena. Nilimwandikia barua. Hakujibu."

"Angekujibu nini?"

"Sijui. Ndiyo maana sikumwandikia nyingine."

Bi Corrine alilikunja gazeti mara nne, akachukua mkoba wake, akatoka. Hata sufuria hakuifunika.

Alhamisi Wendell alingoja aitwe kurudisha funguo. Ijumaa pia. Kila simu ya ofisi ilipolia, alisimama na ufagio mkononi mpaka ikaacha. Jumamosi alisukuma mashine ya kung'arisha sakafu ukumbi mzima, taratibu kuliko siku zote, akijua huenda ndiyo mara ya mwisho. Hakuitwa.

Jumapili alikuwa juu ya ngazi kwenye ujia, akibadilisha taa iliyoungua, aliposikia sauti ya Bi Corrine kutoka darasani.

"Mwezi mzima nimewaambia mpige hapana. Maneno hayo nimeyafuta."

"Kwa hiyo tupige ndiyo?" aliuliza Dada Luvenia, ambaye kila uchaguzi hukaa kwenye meza ya daftari la wapiga kura.

"Sikusema hivyo, Luvenia. Nimesema una kichwa chako na una magoti yako. Vitumie."

Wanawake walicheka. "Na wewe je, mwalimu?"

"Mimi bado nabishana na Mungu. Tukimaliza, hatutawaita."

Wendell alibaki juu ya ngazi, taa iliyoungua kiganjani. Alisubiri jina lake litajwe. Halikutajwa.

Jumanne alipanga meza, akasimamisha vibanda, akatoka na reki yake. Karibu na adhuhuri Bi Corrine aliingia ukumbini, kisha akatoka, kibandiko cha "Nimepiga kura" kifuani. Alisimama mbele ya Wendell.

"Usiniulize."

"Siulizi, Bi Corrine."

"Vizuri. Majani ya kwenye mfereji umeyaruka."

Wendell aliipata habari asubuhi ya Jumatano, kwenye redio ya gari lake: kura sitini kwa kila mia zimefika, na zimepitiliza. Alikaa nje ya kanisa mpaka kahawa yake ikapoa. Kisha akaingia kukunja meza, kwa kuwa kulikuwa na kikao cha maombi.

Januari alijiandikisha. Machi kulikuwa na uchaguzi mdogo wa mji: madiwani wawili, na swali kama tenki la zamani la maji libomolewe au likarabatiwe. Mvua ilinyesha tangu alfajiri. Wendell alisimamisha vibanda, akavaa koti safi, akapanga foleni.

"Kitambulisho, tafadhali," alisema Luvenia.

"Luvenia, juzi tu nimekuzibulia sinki."

"Na ninakushukuru. Kitambulisho."

Alishusha rula kwenye orodha, mstari kwa mstari, mpaka akalipata: Purvis, Wendell Amos. Alimgeuzia daftari atie saini.

Ndani ya kibanda, Wendell alisoma kila neno. Alisoma hoja za kubomoa tenki, kisha za kukarabati, kisha akarudi mwanzo. Foleni ilirefuka mpaka mlangoni. Miavuli ilichuruzika maji juu ya sakafu aliyoing'arisha.

"Huyo amelala humo?" mtu mmoja alinong'ona.

Bi Corrine, aliyekuwa wa tatu kwenye foleni, aligeuka akamtazama.

"Mwacheni," alisema. "Anasoma."

Chini ya kibanda waliviona viatu vyake vya kazi, vimelowa, vimesimama sambamba, wala havina haraka.