Nyimbo Zilizompisha Biliana

Jumamosi ya pili ya Septemba, Nedialka alikuwa barazani, ghorofa ya tatu, akichoma pilipili hoho za kuweka akiba ya majira ya baridi. Chumbani bintiye Biliana, mwenye miaka kumi na minne, alikuwa akipiga ngoma peke yake, bila wimbo wa kufuatana nao. Mwalimu wake alishasema: asipopata nyimbo zilizoondolewa ngoma, akazoea kujaza nafasi ya mpigaji, mtihani wa shule ya muziki utamshinda.

Nedialka alikuwa ametafuta mtandaoni wiki nzima. Nyimbo za namna hiyo zilikuwa tele, ila zote za Wamarekani na Waingereza, mapigo manne manne kama gwaride. Mtihani ulitaka ruchenitsa, dansi ya harusini ya mapigo saba, na hiyo hakuna aliyejisumbua kuiondolea ngoma.

Basi alinawa masizi, akatoa kabatini kaseti ya bendi ya kaka yake. Kwenye jalada, kaka huyo, Zheliazko, alikuwa amekaa nyuma ya ngoma, vijiti amevishika kichwa chini. Aliyepiga ni Nedialka, siku hizo ana miaka kumi na tisa. Kiongozi wa bendi alisema hakuna mzee wa harusi atakayeita bendi yenye msichana aliyetanua miguu nyuma ya ngoma. Kaka akapigwa picha, dada akapiga ngoma.

Kaseti ilipoanza, klarineti ilikuwepo, akodioni ilikuwepo, ngoma hazikuwepo. Zilikuwa zimesogea, kama mtu anavyosogea kwenye benchi mwingine apate kukaa.

“Haya, ingia,” Nedialka alisema.

Biliana akaingia.

Kesho yake jirani wa chini, Bibi Pavlina, alimsimamisha Nedialka kwenye ngazi. “Kaka yako kazidi kunoa mkono! Kaseti yangu ya harusi naisikiliza miaka yote, lakini tangu jana mapigo yake yana ujana.”

Ikawa hivyo mji mzima wa Yambol. Kila wimbo Biliana alioufanyia mazoezi, mapigo ya mama yake yalitoka kwenye kila nakala, yakakaa ya mtoto. Redio ilimwita Zheliazko kumpongeza. Alikwenda amevaa tai.

Jioni alipita kwa dada yake, akala vipande vitatu vya banitsa, mkate wa matabaka wenye jibini.

“Si ungewaambia si wewe?” Nedialka alisema.

“Baada ya miaka thelathini, mdogo wangu? Wataniona mwehu.”

“Na sasa ni mpwa wako.”

“Ndiyo maana nafurahi. Imebaki nyumbani.”

Wivu wa kumwonea kaka yake, Nedialka alikuwa ameuzoea kama goti bovu. Huu mwingine ulikuwa mpya. Alikuwa akisimama mlangoni akimtazama Biliana amekaa mbele ya dirisha lililo wazi, magoti kila upande, watu wakipita chini na kuinua macho, wala hakuna aliyemwambia afunge miguu.

Ulibaki wimbo mmoja tu, wa mwisho upande wa pili. Huo, siku ya kurekodi, Nedialka aliupiga mara moja, bila kurudia, vifundo vya mikono vimefungwa bendeji, na walipomaliza mpiga klarineti alikaa chini akalia. Mtihani ulitaka huo. Nedialka aliificha kaseti ndani ya kopo la unga.

Biliana alitafuta siku mbili. Siku ya tatu akaja jikoni.

“Mama, unanionea wivu?”

“Ndiyo.”

“Sana?”

“Sana, mwanangu. Mpaka usingizi sipati.”

Biliana alifikiri. “Basi nitakwenda bila huo. Nitafeli, lakini utabaki nao.”

Nedialka aliendelea kumenya vitunguu mpaka vikaisha. Kisha akapangusa unga kwenye kaseti kwa aproni, akamwekea mezani. “Usiharakishe zamu ya pili ya ngoma,” alisema, akatoka nje.

Siku ya mtihani Biliana alipiga kwa dakika nne. Mwenyekiti wa watahini alivua miwani.

“Hiyo damu ya mjomba wake, Zheliazko. Huwezi kuificha.”

“Ni mama aliyepiga kwenye kaseti,” Biliana alisema. “Yule pale.”

Mwenyekiti alimtazama Nedialka kwa upole, kama wanavyotazamwa akina mama waliobeba mikoba ya watoto. “Mama ndiye nguzo, bila shaka,” alisema, akaandika fomuni: amefaulu, amefundishwa na mjomba.

Kituoni, wakingoja basi la kurudi, redio ya muuza magazeti ilikuwa ikipiga wimbo ule ule. Mtangazaji alimtaja Zheliazko mara mbili.

“Mama,” Biliana alisema, “wewe zamu ya pili uliipigaje?”

Nedialka alifumbua kinywa. Aliutafuta mkono wake wa zamani, mapigo saba, pale bendeji ilipobana, na kila alipogusa alikuta mkono wa binti yake.

“Kama ulivyopiga wewe,” alisema.

“Kweli?”

“Kweli. Panda, basi limefika.”