Kiganja Juu ya Boneti

…mia nne, pauni mia nne nzima kwa kipande cha sponji ya mashine ya kung'arishia magari, mwanamke huyu hamwogopi Mungu, juzi tu ilikuwa mia tatu na hamsini, na Shauki amekwisha kuziweka noti zake kaunta, nne za mia mia, akingoja hamsini yake irudi, na noti zenyewe sasa ziko chini ya kiwiko cha Bi Inshirah na kiwiko hicho kimekaa kama kimejengewa pale, "Dola imepanda, fundi," anasema, "Dola imepanda, sponji haikupanda, imening'inia pale ukutani tangu Ramadhani, tazama vumbi!" "Vumbi nakupa bure," na mteja mmoja mlangoni anacheka, acheke, Shauki hapandishi bei wala hashushi, kazi yake ina bei moja kwa waziri na kwa dereva wa teksi, Kairo nzima ya mafundi inajua, basi na yeye auziwe hivyo hivyo… mkono wa kulia ameshika ile ya njano, ngumu, ya kukatia, ile inayokwangua vanishi, ukiibonyeza kwa kidole gumba inakurudishia kidole chako kwa dharau, mkono wa kushoto nyeusi, laini, ya kumalizia, kidole kinazama kama kwenye shavu la mtoto, "Si uchukue ya kati, ile ya chungwa, zote bei moja," anasema Bi Inshirah, ya kati, ya kati ni ya fundi asiyejua anataka nini, na yeye anajua, amekuja kuchukua ya njano, kile kiganja cha kwenye boneti kitoke, kesho baada ya alasiri wakwe watarajiwa wanakuja kumposa Nihali na gari litakuwa limesimama mlangoni, jeusi, gari la binti yake huyo, kalinunua kwa mshahara wake mwenyewe, hakuna mwanamume aliyetia mkono… mkono, ndiyo, mkono ndio uliotiwa, wa bibi yake, Hajati Zannuba, mama mzazi wa Shauki, kondoo aliyechinjiwa gari hajamaliza kutikisa miguu pale kichochoroni bikizee amechovya kiganja kwenye damu, paa! katikati ya boneti, "Jicho la hasidi litoboke!" na vigelegele madirishani, na kondoo alikuwa mtamu, Mungu ni shahidi, mafuta yalimtiririka Shauki mpaka kwenye viwiko, lakini bikizee akakataza, gari lisioshwe mpaka Ijumaa baraka zikolee, na nani atabishana naye, jua la Julai, bati linachoma, damu ikakauka ikaila vanishi, Ijumaa wakamwaga maji, damu ikaondoka na kiganja kikabaki, kimechorwa ndani ya weusi, vidole vitano na kile cha mwisho kilichopinda, gari zima likasema mama yangu alipita hapa… "Baba, wataniona mshamba!" Nihali alilia hiyo Ijumaa, na yeye akajipiga kifua, mimi nani, nimeondoa mikwaruzo ya kucha, kinyesi cha njiwa, mtu aliyesugua gari kwa waya wa kusugulia masufuria nikampa kioo, mkono wa bikizee utanishinda?… "Fundi, umelala?" "Nahesabu." "Unahesabu nini, pesa nimekwisha kuhesabu mimi," kicheko tena mlangoni, mwanamke huyu ana ulimi mkali kuliko sponji zake zote… ya njano itakiondoa, sawa, kwa robo saa, lakini boneti ile, mwenye gari wa kwanza aliipeleka kwa wachinjaji wa rangi, mafundi wa kusugua ovyo, vanishi imebaki kama ngozi ya kitunguu, ukikatia hapo na mashine ikapata moto kidogo tu unatokeza kwenye bati, halafu wakwe waone nini, upara, afadhali kiganja kuliko upara… atakwenda polepole, maji mengi, ana mkono mwepesi, hakuna aliyemfundisha, hilo huliambia kila mtu, sikukaa kwa fundi yeyote, nilijifundisha mwenyewe… mwenyewe, na ile sufuria je? sufuria ya shaba ya maharage, kila mkesha wa Idi, yeye bado mtoto, amechuchumaa na limau na majivu anasugua kama anapigana na mtu, na mama kwenye kikaango chake cha taamia, bajia za maharage za kuuza, pale kona, kidole chake cha mwisho kimeshapinda kwa yale mafuta yaliyommwagikia, anamtupia jicho, "We Shauki, usiigombeze, ibembeleze! Shaba inasikia!" na anamshika mkono, anauzungusha, duara dogo, duara dogo, mpaka uso wake ukatokea ndani ya shaba, akajitazama, akarekebisha mtandio, "Haya, sasa nimekuwa bibi harusi"… loo, duara dogo, ndiyo hii hii, miaka yote anaizungusha mashine hivi hivi na kuwatambia watu kuwa hakufundishwa, mwongo mkubwa wee, mwenye bei moja na maneno mawili! anataka kucheka, anakaza midomo, Bi Inshirah asije akadhani amekubali bei… na asubuhi, asubuhi alimwona Nihali amesimama peke yake mbele ya gari, ameweka kiganja chake juu ya kile cha boneti, vidole vimeenea sawasawa, kile cha mwisho akakipinda makusudi kikae, akawa anacheka peke yake, alipomsikia baba yake akauondoa mkono upesi, "Baba, lazima kitoke chote?" na yeye, kichwa maji, boksi la mashine begani, "Chote! Mimi sina kazi nusu!" hakuuliza hata kwa nini mtoto anauliza, mtoto aliuliza kwa sababu hataki kitoke chote, ni nani basi anayetaka kitoke chote, si Nihali, si bikizee, ni Shauki, Shauki na kifua chake… ile nyeusi itarudisha mng'ao, itabembeleza kingo, mtu aliyesimama mlangoni hataona kitu, weusi mtupu, mpaka jua liinamie upande, hapo vidole vitano vitajitokeza kidogo, kama pumzi kwenye kioo, vione haya kisha vijifiche tena, na Nihali ataambiwa wazi, hiki kimebaki, ukisema kiondoke nitakiondoa na tutapaka boneti upya, gari ni lako, na wakwe wakiuliza wataambiwa, huyo ni mama yangu, yuko ndani anawangoja, nendeni mkambusu mkono, mnaona mmekwisha kuujua… raha gani hii inayompanda miguuni, dukani humu penye harufu ya tina ya kuzimulia rangi, yuko radhi hata kumbusu Bi Inshirah, hapana, Mungu apishe mbali… "We mwana wa Zannuba, unachukua ipi? Chai yangu inapoa," na kiwiko kiko palepale, noti ziko palepale, na yule wa mlangoni anangoja kicheko kingine, Shauki anairudisha ya njano kwenye msumari wake, anaipangusa nyeusi vumbi kwa kiganja, duara dogo, duara dogo, anailaza kaunta kando ya kile kiwiko.

"Hii. Na hamsini yangu."