Nyumba ya Mtu Mwema

Nimehamishwa mara nne katika kazi hii ya uwakili wa serikali, na kila mji ulinipokea kwa kiti kibovu. Safari hii nikapokewa kwa tabasamu. Nikashtuka.

Mwenye tabasamu alikuwa karani wa masjala, mtunza majalada yetu. Siku ya kwanza tu, funguo za nyumba hizi hapa.

“Dada wakili, usisumbuke na madalali. Vyumba vitatu, maji hayakatiki. Hata aliyekutangulia alikaa humo humo.”

“Ya nani?”

“Ya mtu mwema tu.”

Mtu mwema asiye na jina! Lakini mume wangu alikuwa juu ya lori la mizigo, amekumbatia godoro, na mawingu yamefunga. Nikazipokea.

Asubuhi yake nikaomba jalada la mtunza bohari wa hospitali, aliyeshtakiwa kuiba dawa. Kesi ilikuwa isikilizwe saa nne. Hakimu alishaonya: upande wetu ukiikwamisha tena, anaifuta. Na muuguzi aliyeona dawa zikipakiwa alishafika mahakamani mara sita, akarudishwa mara sita.

Jalada likaja limekonda kama limetoka kuugua.

“Nakala ya dhamana iko wapi?”

“Ya nini tena, dada? Mshtakiwa atakuja mwenyewe.”

Nikaingia masjala, nikapekua. Nikaikuta chini ya chupa yake ya chai. Mdhamini alikuwa kaka wa mshtakiwa, na dhamana aliyoweka ni nyumba yake, kiwanja namba 214. Saa moja kabla nilikuwa nimefunga geti lenye namba hiyo hiyo kwa rangi nyekundu.

Kumbe ndiyo maana. Utetezi ukisema wakili wa serikali analala kwa kaka wa mshtakiwa, naondolewa, kesi inakwama, hakimu anafuta. Nikampigia mume wangu.

“Usifungue boksi hata moja.”

“Nimeshatundika mapazia, mama.”

“Tundua.”

“Umegombana na nani tena?”

“Bado. Ndiyo naenda.”

Mahakamani wakili wa utetezi alishaanza kunyanyuka, karatasi mkononi. Nikamwahi.

“Mheshimiwa, jana nimelala katika nyumba ya mdhamini wa mshtakiwa. Nilipewa na karani wetu, sikujua ni ya nani. Funguo hizi hapa.”

Utetezi ukakaa taratibu, kama kiti kina moto.

“Umehama?” hakimu akauliza.

“Mume wangu anashusha mapazia, mheshimiwa.”

Mtu akacheka nyuma. Hakimu akaandika, akaandika.

“Aitwe shahidi.”

Muuguzi akapita na mkoba wake kwapani. Kabla ya kula kiapo akanitazama, muda mrefu, juu hadi chini, kama anayejiuliza mimi leo nitalala kwa nani.