Jua la Jioni Uani kwa Tukuswiga

Jumapili baada ya ibada, Tukuswiga aliingia kwenye duka la Yusuf, nyuma ya stendi ya Tunduma, akiwa na fedha ya mabati kumi na mawili, akaomba aonyeshwe saa za mkononi.

Yusuf alimpangia tatu juu ya kabati la kioo. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, rangi ya dhahabu. Ya pili ilikuwa na mkanda wa waridi na iliweza kupokea simu. Ya tatu ilikuwa nyeusi, nene kama kifuniko cha chupa ya chai, na vitufe vitano pembeni.

"Hii ya mwisho siyo ya akina dada," Yusuf alisema. "Hii ya watu wa kupanda milima, kukimbia, kuogelea. Inazama mita mia."

"Na vumbi la maharage?"

"Haiingii maji ya bahari, itaingia vumbi?"

"Inajuaje ni saa ngapi?"

"Inauliza setilaiti, huko juu. Haina laini, haijui mnara."

Hilo la mnara Tukuswiga alimwomba alirudie. Tunduma simu hazitulii. Zambia iko nyuma kwa saa nzima, na mpaka wenyewe ni kama upana wa barabara, hivyo simu ikishika mnara wa Nakonde inarudi nyuma, ikishika wa huku inasogea mbele, na mtu anayekunywa chai anaweza kumaliza kikombe kabla hajakianza. Watu wameshazoea. Wakipatana kuonana husema saa nne ya huku au saa nne ya kule.

Yusuf aliongeza kwamba kioo cha ile nyeusi kinakula jua, hivyo mtu akiivaa nje mchana haihitaji umeme mara kwa mara. Tukuswiga akaomba ndoo ya maji.

"Ukiitumbukiza umenunua, dada."

Akaitumbukiza. Alihesabu polepole hadi mia mbili, akaitoa, akaiona inaendelea na kazi yake. Akaifuta kwa pindo la kitenge, akaivaa.

Fundi Ezron, aliyekuwa akimjengea vyumba viwili kule Mpemba, aliiona jioni hiyo hiyo. Alishuka kwenye jukwaa, akamshika mkono, akaigeuzageuza saa.

"Kwa hiyo bati umelivaa," alisema.

"Tutaezeka kwa nyasi."

"Nyasi nazo zinataka mtu wa kuzikata, na mtu mwenyewe anarudi giza limeshaingia. Mimi peke yangu nitabeba maji, nikanyage udongo, nijenge? Mvua ikija na kuta ziko wazi, hizi kozi zote za matofali zinarudi chini. Sikutishi, nakwambia."

Mama yake, Roda, aliyeshuka kutoka Ibaba na miguu inayouma, alikuwa amekaa juu ya rundo la matofali akimenya viazi. Aliuliza kama hiyo saa inaonyesha pia siku ya mwezi. Ilionyesha. Mwenye nyumba waliyopanga, hatua chache kutoka hapo, alitaka vyumba vyake mwisho wa Oktoba, kwa kuwa mwanawe anaoa. Zilibaki wiki sita.

Tukuswiga alifanya kazi ya kuchambua maharage kwenye ghala lililokuwa hatua mia mbili kutoka mpakani. Walikuwa wanawake arobaini. Walikaa kuzunguka maturubai, kila mmoja na ungo wake, wakitoa mawe, maganda na punje zilizooza. Simu ziliachwa mlangoni ndani ya karai. Ukutani palikuwa na saa mbili kubwa, kwa sababu wanunuzi walitoka pande zote: moja iliandikwa TUNDUMA, nyingine NAKONDE. Kazi ilianza saa moja na nusu asubuhi na kuisha saa kumi na moja jioni. Kuingia walifuata saa ya Tunduma. Kutoka walifuata saa ya Nakonde. Ilikuwa hivyo tangu ghala lifunguliwe.

Aliyewahi kuuliza alijibiwa na msimamizi, Lusubilo, kwa upole. Lusubilo hakuwa mtu wa kelele.

"Simu yako imeshika mnara upi?" angeuliza. Na kwa kuwa hakuna aliyeweza kuapa, mazungumzo yaliishia hapo.

Mwanakombo, aliyekuja Tunduma kutoka Pangani akiwa ameolewa na dereva wa lori na akabaki baada ya dereva kuendelea na safari, alikuwa na kipimo chake. "Adhana ya alasiri imepita zamani," alisema akipepeta. "Kwetu alasiri ni fupi, mtu anakaanga vitumbua viwili imekwisha. Alasiri ya humu ndani ina tumbo."

Jumatatu Tukuswiga alifika na saa yake nyeusi. Lusubilo aliitazama mlangoni, akatazama karai la simu, akaona haina laini, akampitisha. Mchana kutwa saa hiyo ilifanya kazi kwa kadiri ya uelewa wake. Kila mkono ulipopepeta ungo, iliandika kwamba anapiga makasia. Kufikia mwisho wa wiki ya kwanza ilikuwa imemwandikia kilomita sitini za makasia na kumshauri apumzike siku tatu. Hakuwa na siku tatu.

Jumatatu hiyo, saa ya Tunduma ilipoonyesha kumi na moja, hakuna aliyeinuka. Saa ya mkononi ilitikisika kidogo. Kwenye kioo pakatokea alama ya jua, na chini yake sufuri mbili. Zile sufuri zikaanza kuhesabu. Lusubilo alipopiga kipande cha reli kuwaruhusu, saa kumi na moja ya Nakonde, alama ya jua ilikuwa na 1:00 chini yake.

Tukuswiga alibonyeza kitufe cha kukimbia, akakimbia. Ndivyo alivyorudi nyumbani kila siku, na viatu vya raba, kandokando ya foleni ya malori, na madereva walimzoea. "Leo umechelewa, Tuku," walimwambia, ingawa alipita saa ile ile. Hata akikimbia dakika arobaini na tatu, jua lilikuwa linamtangulia kuzama.

Alifika uani. Ezron alikuwa ameshaosha mwiko na kuuweka kwenye mfuko. Kuku walikuwa wameshaingia bandani. Tukuswiga akabonyeza kitufe cha kusimamisha mbio, na jua likarudi.

Lilirudi uani kwake tu. Lilisimama upande wa magharibi, juu ya migomba, mahali linapokuwa saa kumi na moja na nusu, likaangaza kuanzia ua wa minyaa hadi kwenye shimo la udongo. Nje ya minyaa palikuwa usiku na mbwa wa jirani alikuwa akibweka kama kawaida. Kuku walitoka bandani mmoja mmoja.

Ezron alitazama juu, akatoa mwiko kwenye mfuko.

"Lete udongo basi," alisema.

Walijenga kozi mbili. Baada ya dakika sitini jua liliondoka, na Roda, aliyekuwa amekwisha kuanika mchele kwenye ungo, akauanua.

Ikawa hivyo kila siku ya kazi. Jumapili, kwa kuwa hakuna aliyemchukulia chochote, jua lilizama na watu wote. Majirani walipata habari kwa kuona. Atupele wa nyumba ya pili alianza kuleta nguo zisizokauka, kisha akaleta wanawe na madaftari yao. Mzee mmoja alikuja kuota jua mgongoni. Mtendaji wa mtaa alifika na kalamu kuuliza kama jua hilo limeombewa kibali, akatafuta kwenye mkoba fomu inayofanana na jambo lenyewe, akakosa, akaomba maji ya kunywa, akaaga. Tukuswiga alikanyaga udongo, akabeba maji, na siku ambazo Ezron hakuhitaji udongo, alikata nyasi bondeni akazifunga mafungu. Alijua sasa kwamba atamaliza. Aliacha kuhesabu siku kwenye kioo.

Ghalani aliwaeleza wenzake, kwa maneno machache, maana hakuwa msemaji. Walisikiliza bila kusimamisha nyungo.

"Miaka sita niko humu," Mwanakombo alisema. "Za kwangu zinaangaza uani kwa nani?"

Waliwaza juu ya jambo hilo hadi chai.

Jumatano ya katikati ya Oktoba Lusubilo mwenyewe alikuja Mpemba na pikipiki. Alipita kwenye uwazi wa minyaa, akatoka usiku akaingia mchana, akavua kofia. Alimsalimia Roda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kaa hapo kwenye tofali, hilo limekauka."

Alikaa. Alitazama kuta zilizofika kimo cha linta, juu ya madirisha, akatazama jua kwa mkono usoni.

"Kwa hiyo inarudi," alimwambia Tukuswiga.

"Inarudi."

"Yote?"

"Dakika sitini."

Lusubilo alivuta pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Basi hakuna aliyeonewa," alisema.

Ezron, juu ya jukwaa, aliacha kugonga tofali. Kisha akaendelea.

Kesho yake Lusubilo alimwita pembeni ya mizani. Alisema kuna mzigo wa kwenda Kongo na unachelewa, na kwamba kwa kuwa Tukuswiga hapotezi kitu, angetoka saa kumi na mbili ya Nakonde badala ya kumi na moja. Wengine nao wangeombwa, lakini yeye ndiye wa kuanza.

Tukuswiga alisimama na ungo wake. Asubuhi hiyo alikuwa ameona mawingu upande wa Ileje, na Ezron alikuwa amesema kwamba kupandisha mbao na kuezeka hakufanyiki kwa vipande vya saa moja moja. Mtu akipanda juu anahitaji mwanga wa kutosha ashuke amemaliza. Alifanya hesabu fupi.

"Nitakaa," alisema. "Ila usiniletee siku ambayo hujazi saa mbili kamili."

"Siwezi kukupunja," Lusubilo alisema.

Aliporudi kwenye turubai Mwanakombo hakumsogezea nafasi.

"Umemfundisha," Mwanakombo alisema.

"Mvua inakuja, dada."

"Najua mvua inakuja. Kwangu pia inanyesha."

Jioni hiyo saa nyeusi ilionyesha 2:00. Tukuswiga alikimbia gizani, na alipobonyeza kitufe uani, jua lilikaa saa mbili kamili. Walipandisha mbao zote. Siku ya pili walifunga fito. Siku nne zilizofuata waliezeka, Ezron juu, Tukuswiga chini akirusha mafungu, Roda akihesabu kwa sauti ili wasisahau upande gani umezidi. Kwa kadiri ya saa ile, Tukuswiga alikuwa amepanda mlima. Ilimpongeza kwa mlio mfupi.

Mvua ilianza tarehe ishirini na nane. Ilinyesha Tunduma yote, na uani kwa Tukuswiga ilinyesha ndani ya jua. Waliingia na magodoro mawili, sufuria, na kuku. Paa halikuvuja isipokuwa pale kwenye kona, ambapo Ezron alikuwa ameshasema patavuja. Roda alinyoosha miguu yake chini ya dirisha na kusema nyumba imekaa vizuri.

Jumatatu iliyofuata kulikuwa na karatasi ukutani ghalani, katikati ya saa mbili. Lusubilo aliisoma kwa sauti kwa ajili ya wasiosoma. Ilisema kwamba uongozi umechunguza suala la muda na kuridhika kwamba muda hurudishwa nyumbani kwa mfanyakazi ukiwa kamili. Kwa hiyo kuanzia siku hiyo kazi ingeisha saa kumi na mbili ya Nakonde kwa wote. Mfanyakazi anayetaka jua lake anunue saa.

Wanawake walitazama karatasi. Mmoja aliuliza kama saa yoyote inafaa. Lusubilo alisema hajui, wamuulize Tukuswiga, ambaye ana uzoefu.

Wakamuuliza. Tukuswiga aliwaeleza kadiri alivyoweza. Aliwaambia waache ya dhahabu na ya waridi, wachukue nene yenye vitufe, kwa sababu mikono yenye vumbi haigusi kioo vizuri. Aliwaambia waitumbukize kabla ya kulipa. Yusuf aliagiza nyingine Dar es Salaam, zikaisha, akaagiza tena. Aliyeuza mbuzi alinunua, aliyeingia kwenye kikundi cha kukopeshana alinunua, na wawili walinunua kwa kushirikiana, wakawa wanapata jua kwa zamu.

Kufikia Desemba, madereva waliokuwa kwenye foleni ya mpaka waliweza kuziona usiku ukiingia: nyua kumi na moja, kumi na mbili, zimetawanyika kuanzia mjini hadi Mpemba, kila moja ikiwa mchana peke yake. Katika moja mtu alipalilia. Katika nyingine mtu alisuka nywele za binti yake. Madereva walizitumia kujua wamefika wapi.

Tukuswiga alikuwa amekaa mlangoni pake akichambua mboga, na jua bado lina dakika arobaini, alipomwona Mwanakombo akipita ng'ambo ya minyaa. Mwanakombo hakuwa na saa. Alikuwa na uwezo wa kununua, alikataa.

"Dada Mwanakombo," Tukuswiga aliita. "Pitia huku. Njia hiyo ina matope na huku kunaonekana."

Mwanakombo alisimama. Mwanga ulimfika hadi magotini.

"Huo ni wako," alisema. "Wangu anao Lusubilo. Akinirudishia, atanirudishia kule kule ghalani alikouchukulia."

"Basi pumzika kidogo. Mama ameweka chai."

"Msalimie mama."

Akavua viatu, maana gizani njia hiyo hujulikana vizuri kwa nyayo, akavishika mkononi, akaendelea kuelekea kwake.