Noti ya Mama

Gernot aliiruka noti ya Mama.

Nilikuwa nimeushika mkono wa Mama, nikimwambia kimoyomoyo: sasa, sasa hivi! Vidole vya Gernot, mwanafunzi mwenzangu aliyekuwa akiupiga utunzi wangu kwenye piano, vikafika mahali penyewe, vikapiga noti nyingine, sahihi kabisa, vikasonga mbele.

Mwaka ule, 1956, sisi watunzi vijana wa Ujerumani tulikuwa tumeapa kuwa chozi halitagusa muziki wetu. Nyimbo tamu ndizo zilizotupeleka vitani tukiimba. Muziki mpya utoke kwenye hesabu. Kila noti ilikuwa na namba kwenye jedwali, na hakuna iliyoruhusiwa kurudi kabla ya zamu yake. Niliamini, na nusu yake naiamini hadi leo.

Lakini kila Jumapili, nyumbani kwetu mjini Kassel, Mama alipiga piano kwa vidole vilivyokakamaa kwa kufulia watu. Kila mara aliteleza palepale, akagonga noti iliyo jirani, akacheka. Noti hiyo niliipachika katikati ya hesabu zangu, nje ya zamu, nikamwita kwenye onyesho. "Njoo, Mama, utajisikia mwenyewe ndani ya muziki wangu."

Makofi yalipolipuka, Gernot alinijia mbio akitiririka jasho.

"Shukuru Mungu, Wally! Ulikosea hesabu mahali pamoja. Nimekurekebishia, maana mzee Ziegenhorn asingekuacha!"

Alidhani ananisitiri. Ndivyo tulivyofanyiana sote, kukaguana kabla mwalimu hajaona. Hata hivyo nilitamani kumkaba.

Profesa Ziegenhorn akasimama. Alikuwa akitafuta msaidizi mmoja kati yetu, na macho yake yalikuwa kwangu.

"Kazi safi," akasema. "Haina mtu ndani yake."

Kwake hiyo ndiyo ilikuwa sifa kuu. Kisha akakaribisha maswali, kama desturi, ili mtunzi aeleze kila noti ilikotoka.

Mama akanyoosha mkono, kofia yake ya kanisani ikitikisika.

"Samahani, Bwana Profesa. Mimi ni mama yake. Nimengoja mpaka mwisho na sijajisikia. Au nimepitiwa na usingizi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. "Bibi, rudi kwenye sufuria zako!" mtu akapaza sauti nyuma. Mama akashusha mkono polepole, akanigeukia. Sijawahi kushtuka vile, si kwa kicheko chao, bali kwa kuona anaona haya mbele yangu.

Nikapanda jukwaani, nikaipiga ile noti kwenye piano. Mara moja tu.

"Hiyo iko zamu gani?" Profesa akauliza.

"Haina zamu. Ni kidole cha mama yangu."

Wakanizomea hadi vioo vikatetemeka. Nafasi ile alipewa Gernot. Mimi, pale juu, nilimwona Mama tu: amekiinua kidole chake mbele ya uso, anakitazama, na mabega yanamcheza kwa kicheko.